Maggie Smith: Oscar kabeba 1970, mbona wengi tumemjua akiwa bibi tayari?

#1 Kisima_Mbali (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Tangu Maggie Smith afariki London tarehe 27 Septemba 2024 nimekuwa nikizisaka kazi zake za zamani, na kila ninayoipata inanirudisha kwenye swali moja. Wengi humu tunamjua kama Profesa McGonagall, mwalimu mkali wa kofia ndefu kwenye Harry Potter. Wengine mnamjua kwa Downton Abbey, tamthilia ya televisheni, bibi wa fimbo ambaye akifungua mdomo lazima kuna mtu ataumia. Harry Potter ya kwanza imetoka 2001, mama wa watu ana miaka 66. Downton imeanza kuonyeshwa Uingereza 2010, ana 75.

Sasa rudini nyuma. Oscar ya mwigizaji bora wa kike kaibeba 1970 kwa The Prime of Miss Jean Brodie, anacheza mwalimu wa shule ya wasichana Edinburgh anayewapandikizia wanafunzi wake mapenzi ya Mussolini, dikteta wa Italia. Ya pili 1979, mwigizaji msaidizi, California Suite. Kabla ya zote hizo alishasimama jukwaa moja na Laurence Olivier, gwiji wa uigizaji wa Uingereza. Halafu huyo huyo anakuja kusema uzeeni kwamba mpaka Downton inaanza alikuwa anaishi maisha ya kawaida, anaingia makumbusho na kumbi za maigizo peke yake, hasumbuliwi na mtu.

Inakuwaje? Dai langu: jukwaa ndilo lililomficha. Alitumia nguvu zake za ujana mahali ambapo kamera haikuwepo. Karibuni.

#2 BintiMakunduchi

Naomba nipinge mapema. Jukwaa halikumficha, jukwaa lilimtengeneza. Mtu anayekaa kimya kwenye Downton, akageuza shingo kidogo tu, na wewe sebuleni ukacheka, huo utulivu hakuupata kwenye seti ya filamu. Alianza Oxford Playhouse, ukumbi wa maigizo, akiwa kijana kabisa, 1952 akacheza Viola wa Shakespeare. 1956 yuko Broadway, kumbi kubwa za New York, kwenye onyesho la vichekesho na nyimbo. 1959 yuko Old Vic, ukumbi wa London. Mpaka Olivier anamwita National Theatre, kampuni ya maigizo ya taifa, 1963 alishakula chumvi ya jukwaa zaidi ya miaka 10.

#3 Njoro_wa_Nakuru

Mimi naona mnatafuta mchawi mbali. Ni usambazaji tu. Filamu ya 1969 ingekufikia vipi Nakuru au Mwanza? Mtu wa mjini angeiona sinema mara moja, ikiondoka imeondoka. Harry Potter ilikuja na DVD, ikaja na watoto wanaolia wanunuliwe. Downton ikaja na televisheni za kulipia na intaneti. Smith hakubadilika, kilichobadilika ni bomba linalotuletea maji.

Na kwenye Harry Potter yumo filamu zote nane, kwa hiyo miaka 10 mfululizo watoto wa dunia nzima wamemtazama.

#4 Pamba_Nyepesi

Mkuu Njoro, saba. Ile Deathly Hallows sehemu ya kwanza hayumo.

#5 Mlevi_wa_Sinema

Na mdau #2, watu wasije wakadhani alisoma Chuo Kikuu cha Oxford. Alizaliwa Ilford, Essex, 28 Desemba 1934. Familia ikahamia Oxford yeye mdogo, baba akifanya kazi ya patholojia chuoni hapo. Mama yake Mskoti, katibu muhtasi. Maggie alisomea uigizaji Oxford Playhouse. Huyo Viola alimcheza na kikundi cha wanafunzi wa chuo kikuu, ila mwanafunzi wa chuo hakuwa.

Nalisema hili kwa sababu watu wanamwona Downton wanadhani kazaliwa ikulu. Ule ubwanyenye wote ni kazi ya mikono yake.

#6 Kisima_Mbali

Shukrani #5. Hapo ndipo ninapompendea.

#7 MamaPacha_Moshi

Mnaongea kama vile mwanamke ana uhuru wa kuchagua. Mbona hakuna aliyetaja umri? Mwaka 1972 kwenye Travels with My Aunt alikuwa na miaka 37, wakampaka vipodozi acheze shangazi wa zaidi ya miaka 70. Nafasi yenyewe ilikuwa ya Katharine Hepburn, ikamwangukia yeye. Filamu ya Hook ya 1991 ana miaka 56, anachezeshwa bibi kikongwe. Kwenye A Room with a View ana miaka 50 na ni yule jamaa mzee wa kike asiye na mume anayemlinda msichana safarini Italia.

Yaani sinema ilimtaka akiwa mzee kabla hajazeeka. Mwanaume wa miaka 50 mpaka leo anapewa bastola na mpenzi wa miaka 25. Mwanamke mwenye Oscar 2 anapewa shali na miwani. Swali la mleta uzi lingeulizwa hivi: kwa nini ilibidi awe bibi ndipo wampe nafasi ya kuonekana na watu wengi?

#8 Fundi_Taa

Mama Pacha umegonga msumari, ila kuna kipande umekiacha. Katikati hapo alikuwa anacheza wanawake wa makamo wenye maisha mazito, na alicheza vizuri kupita hao mabibi wote. Tafuta The Lonely Passion of Judith Hearne, 1987. Mwalimu wa piano Dublin, mlevi wa siri, anajidanganya kwamba kuna mtu anampenda. Tafuta Bed Among the Lentils ya BBC, 1988, kaandika Alan Bennett. Mke wa mchungaji, naye mlevi, anaongea na kamera peke yake muda wote, anakusimulia jinsi alivyoangukia kwenye mapenzi na muuza duka Mhindi wa Leeds. Hakuna mtu mwingine anayeonekana. Hapandishi sauti. Ukimaliza unabaki umekaa pale pale.

Mimi nafunga taa za majukwaa, nimeona waigizaji wengi wakilia jukwaani. Anayekuliza wewe bila yeye kulia ni nadra sana.

#9 Kijana_wa_Kariakoo

Nauliza jambo pembeni. Huyo Olivier mliyemgusa huko juu, ndiye yule Mzungu aliyejipaka rangi nyeusi mwili mzima acheze Othello, yule jemadari mweusi wa Shakespeare? Nimeona kipande chake nikafunga simu. Na Desdemona, mke wa Othello, ndiye huyu Smith?

#10 Mlevi_wa_Sinema

Ndiyo yenyewe. National Theatre walikuwa bado wanatumia jengo la Old Vic, 1964. Filamu yake ikatoka 1965. Waigizaji wanne wa filamu hiyo wakateuliwa kuwania Oscar, Smith akiwemo, na ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza. Kuna kisa kinachojulikana kwamba usiku mmoja Olivier alimpiga kofi la kweli jukwaani, si la kuigiza. Hawakuwa wanaivana. Olivier alikuwa bosi na mwigizaji mwenza kwa wakati mmoja, na inasemwa hakupenda kufunikwa.

#11 Mwl_Fasihi

Kijana wa Kariakoo umeuliza swali zito. Mtu akikujibu kwamba zama zile hakukuwa na njia nyingine, usikubali. Ira Aldridge, mwigizaji mweusi mzaliwa wa New York, alicheza Othello jukwaa la Covent Garden, London, mwaka 1833. Elfu moja mia nane thelathini na tatu! Mwaka 1930 Paul Robeson akacheza Othello hapo hapo London, Desdemona akiwa Peggy Ashcroft. Kwa hiyo Olivier anapojipaka masizi 1964, mji ule ulishaonyeshwa njia mara mbili. Waliamua.

Mimi nilifundisha Shakespeare kwa Kiswahili, ile Makbeth ya Mushi na Juliasi Kaizari ya Mwalimu, na wanafunzi wangu waliyabeba maneno yale bila mtu kujipaka chochote. Nikiitazama Othello hiyo namwonea uchungu Smith. Anacheza vizuri sana. Desdemona wake si kondoo wa kuchinjwa, ni mwanamke anayejua alichokichagua na anakitetea. Lakini kila anapomshika mumewe mkono, unaiona ile rangi.

#12 Njoro_wa_Nakuru

Mwalimu, ndio maana filamu hiyo haionyeshwi sana siku hizi. Na hilo ni jibu jingine la uzi huu: kazi kubwa ya ujana wake imekaa ndani ya filamu ambayo watu wanaona haya kuionyesha.

#13 BintiMakunduchi

Hilo nalikubali nusu. Jean Brodie haina masizi, na bado vijana hawaijui.

Alafu mkumbuke Afrika nayo ilimpitia jukwaani. 1979 alicheza Broadway mchezo wa Tom Stoppard, Night and Day, akateuliwa kuwania Tony, tuzo ya Broadway. Yeye ni mke wa mwenye mgodi katika nchi ya Kiafrika ya kubuni, Kambawe, iliyotawaliwa na Waingereza, na waandishi wa habari wanamiminika kuripoti vita. Nchi yetu wanaitunga wenyewe, vita wanatunga, rais wanatunga. Mazungumzo matamu ya jioni anapewa mama mwenye nyumba Mzungu. Sisemi ni kosa la Smith, lakini kama tunaizungumzia kazi yake yote, na hilo limo.

#14 Sahani_Moja

Narudi kwenye mada kabla haijapotelea Kambawe. Mbona hamtaji ndoa na Kanada? Aliolewa 1967 na Robert Stephens, mwigizaji mwenzake wa National Theatre. Ukitazama Jean Brodie, yule mwalimu wa sanaa ya uchoraji mwenye macho ya kutamani ndiye mumewe. Wakazaa watoto wawili wa kiume. Ndoa ikavunjika katikati ya miaka ya 70, na wakati huo huo wahakiki wa London walishaanza kumsema kwamba anajirudia, mikono imezidi, vituko vimezidi. Akaolewa 1975 na mwandishi Beverley Cross, akachukua wanawe wakaenda Stratford ya Ontario.

Kule, kati ya 1976 na 1980, alicheza misimu kadhaa chini ya mwongozaji Robin Phillips: Cleopatra, Rosalind, Lady Macbeth. Fikirieni. Mshindi wa Oscar, ana miaka arobaini na kitu, anacheza kwenye mji mdogo wa Kanada wakati wenzake wako Hollywood wanasaini mikataba. Aliondoka mwenyewe. Na aliporudi London alirudi mwigizaji aliyetulia, mikono imeshuka. Mimi nasema Kanada ilimpunguzia jina ikamwongezea kazi.

#15 MamaPacha_Moshi

Sahani Moja, si kweli kwamba alisahau sinema. California Suite na Death on the Nile ni za 1978, miaka hiyo hiyo ya Kanada. Oscar ya pili kaipata ndani ya kipindi hicho hicho.

#16 Sahani_Moja

Sawa mama, na bado inaniunga mkono. Kapata Oscar ya pili, halafu mwaka 1980 akarudi tena kule kule Ontario kwenye Shakespeare. Angekuwa mtafuta umaarufu angerudi?

#17 Pamba_Nyepesi

Na kuna jambo tamu kuhusu hiyo California Suite. Anacheza mwigizaji wa Kiingereza aliyekuja Los Angeles kwenye sherehe ya Oscar, anakosa, anarudi hotelini amelewa kugombana na mumewe, Michael Caine. Yeye mwenyewe akashinda Oscar kwa kumcheza mtu aliyekosa Oscar. Ni yeye peke yake aliyewahi kufanya hivyo.

Mtoto wake Toby Stephens mnamjua, ndiye adui wa James Bond kwenye Die Another Day.

#18 Kijana_wa_Kariakoo

Toby Stephens ni mtoto wake?? Huyo jamaa wa kasri la barafu? Uzi huu umenilipa.

#19 Mbeba_Box_London

Habari zenu. Niko huku London, kazi yangu ni kulea wazee, na wazee wenyewe ndio walionifundisha jina hili. Mwaka 2019 mama mmoja niliyekuwa namhudumia alipewa tiketi na wanawe, akataka nimsindikize. Bridge Theatre, karibu na ule mto. Mchezo unaitwa A German Life, kaandika Christopher Hampton. Smith ana miaka 84, kakaa kwenye kiti, ni katibu wa zamani wa Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, anakumbuka maisha yake. Peke yake. Saa moja na nusu na zaidi, hakuna mapumziko, hakuna mwenzake wa kumkumbusha maneno.

Nilikwenda nikijua naenda kumwona McGonagall. Yule mwanamke kwenye kiti alikuwa anajikwaa, anasahau, anarudia, anajikosoa, na ilichukua muda nielewe kwamba kusahau kwenyewe kumepangwa. Mimi naishi na wazee kila siku. Najua anayesahau anavyoangalia pembeni kutafuta neno. Alikuwa sahihi kabisa. Na katikati ya usahaulifu huo ndimo yule katibu anamoficha aliyoyajua kuhusu Wayahudi. Mama wangu hakusema neno njia nzima, kesho yake ndipo akaanza kuzungumzia vita.

Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza jukwaani tangu 2007. Katikati alipata saratani ya matiti, akatibiwa huku anarekodi Harry Potter and the Half-Blood Prince, nywele zimeisha, anavaa bandia. Alisema ugonjwa ulimvunja moyo hata hakuwa na uhakika kama atarudi jukwaani. Akarudi na mzigo kama huo.

#20 Kisima_Mbali

Mkuu #19, asante kwa kutupeleka ukumbini. Hii ndiyo hoja yangu hasa: wewe uliona, sisi tutaisoma tu. Hedda Gabler aliyoongozwa na Ingmar Bergman 1970 hivyo hivyo, Lettice and Lovage ambayo Peter Shaffer alimwandikia yeye na ikampa Tony 1990 hivyo hivyo. Kazi bora zimebaki vichwani mwa watu waliokata tiketi.

#21 Kito_cha_Kigamboni

Nipite na langu. Mwaka 1988 Smith aligundulika na ugonjwa wa Graves, wa tezi ya shingoni, ule unaotokeza macho. Mama yangu mzazi anao. Watu walimcheka macho sokoni mpaka akaacha kwenda. Nilipojua kwamba huyu mama alitibiwa, akafanyiwa upasuaji wa macho, halafu 1990 akasimama Broadway mbele ya watu kwa uso ule ule, nilimwonyesha mama picha zake zote. Sina mchango kwenye mjadala wa umaarufu, nilitaka mjue hilo.

#22 MamaPacha_Moshi

Mpe mama pole na salamu zetu. Mchango ni huo huo.

#23 Fundi_Taa

Sasa nileteni jibu la hili, maana nadhani linatikisa hoja zote. Judi Dench. Kazaliwa 9 Desemba 1934, Smith 28 Desemba 1934. Mwezi ule ule! Dench kaanza Old Vic 1957, Smith kafika 1959. Wote wakapewa cheo cha Dame, heshima ya kifalme. Dench hakuhamia Kanada, hakuwa na Oscar ya 1970, na bado dunia ilimjua akiwa na miaka 60, 1995, alipokuwa bosi wa James Bond. Oscar yake ni ya Shakespeare in Love, yumo dakika chache tu kwenye filamu nzima. Na Peggy Ashcroft wa Mwalimu (#11) kapata Oscar akiwa na miaka 77, kwa A Passage to India.

Kama watatu wamepita njia ile ile, basi tusitafute sababu kwenye ndoa ya Smith wala kwenye tabia yake. Uingereza ilikuwa na kumbi zinazopewa fedha za umma, kampuni inakuajiri, leo Ibsen, kesho kichekesho, keshokutwa Shakespeare. Mwigizaji analipwa, anakua, hana haja ya kukimbilia Hollywood. Sinema ikaja kuvuna uzeeni shamba lililopaliliwa na wengine.

#24 Njoro_wa_Nakuru

Fundi, lakini Vanessa Redgrave? Kizazi kile kile, jukwaa lile lile, na miaka ya 60 alishakuwa nyota wa sinema. Tena Jean Brodie kwenye jukwaa la London 1966 alikuwa yeye, Smith akapata filamu. Glenda Jackson naye kabeba Oscar 2 ndani ya miaka michache ya mwanzo wa 70, akajulikana hasa, halafu akaacha akaenda bungeni. Shamba moja, mavuno tofauti.

#25 Mwl_Fasihi

Njoro amelirudisha kwa mtu mwenyewe, na mimi huko ndiko niliko. Smith alikuwa mwoga wa kujitazama. Downton yenyewe alisema hajawahi kuitazama. 1970 wakati jina lake linatangazwa hakuwepo ukumbini. Emmy 4 alizoshinda, tuzo za televisheni za Marekani, hakwenda kuzichukua, mpaka mshereheshaji Jimmy Kimmel akamtania 2016 kwamba aje azifuate kwenye ofisi ya vitu vilivyopotea. Kuna watu kazi inawatosha. Umaarufu ulimfikia pale tu ambapo ulikuwa mkubwa kiasi kwamba hakuweza tena kuukwepa.

#26 BintiMakunduchi

Mwalimu, "mwoga" sikubali. Mwoga hakai kwenye kiti peke yake na miaka 84. Mwoga hachezi yule mama wa kwenye gari, Lady in the Van, mchafu, mkorofi, ananuka, jukwaani 1999 na tena kwenye filamu ya 2015, waliyoirekodi kwenye nyumba halisi ya Bennett ambako mama huyo aliegesha gari lake miaka 15. Kukataa kamera za zulia jekundu na kuwa mwoga ni vitu viwili.

#27 Mwl_Fasihi

Nimesema mwoga wa kujitazama, si mwoga wa kutazamwa. Soma tena dada yangu.

#28 BintiMakunduchi

Nimesoma. Bado sikubali.

#29 Kijana_wa_Kariakoo

Wakati nyie mnabishana mimi nimeipata Jean Brodie. Dakika 40 za mwanzo. Huyu mwalimu anapendeza mpaka unataka kuwa darasani kwake, halafu anaanza kumsifia Mussolini mbele ya watoto na sauti ni ile ile tamu. Kumbe McGonagall angeweza kuwa hivi. Fundi, ile ya mke wa mchungaji inapatikana wapi?

#30 Fundi_Taa

Imo kwenye mfululizo wa Talking Heads wa Bennett. Maliza Brodie kwanza, usikimbie. Kuna wakati mwanafunzi wake Sandy anamkabili uso kwa uso darasani. Ukifika hapo rudi, tuna mambo ya kuzungumza.